Simu ya Moto wa Wachawi

Jumatatu, 28 Aprili

Nimerudi kutoka Praha na treni ya mchana. Mgongo unauma – si kwa kazi, kwa viti. Viti vya Bunge ni laini kama shavu la askofu. Kwenye kituo cha zimamoto nililala maisha yangu yote kwenye kitanda cha chuma nikingoja king'ora, na mgongo haukulalamika. Sasa nalipwa nikae, na kukaa kwenyewe siwezi.

Jirani yangu wa kiti, daktari wa sheria, kaniita tena "bwana mhandisi". Sikumsahihisha. Kwa cheti mimi ni fundi bomba. Kwa kazi, zimamoto. Mheshimiwa nimekuwa kwa ajali. Ng'ombe ndiye aliyenifikisha huku! Alitumbukia kwenye shimo la samadi, nikamfuata, nikazama mpaka kifuani, na watu wa televisheni wamesimama ukingoni. Nilitamka neno moja chafu na nchi nzima ikalipenda. Haukupita muda nikawa meya wa kijiji, halafu diwani wa mkoa, halafu bungeni. Mke wangu Drahuš anasema angegombea yule ng'ombe angepata kura zaidi, tena angesema machache.

Uchaguzi ni vuli. Chama kinaporomoka, nami naporomoka mbele yake. Kwa hiyo wameniletea Kamila, binti msomi mwenye simu mbili, aniokoe. Anasema watu wameanza kuniona kama mwanasiasa. Nikamwuliza, kwani mimi ni nini? Akasema, "Wewe ni zimamoto, Mheshimiwa. Tuwakumbushe tu."

Basi Jumatano jioni, tukiwachoma wachawi wa matambara uwanjani kama kila mwisho wa Aprili, rundo la matawi nitaliwasha mimi, kamera zikitazama.

Jumanne, 29 Aprili

Nimekwenda kuwasaidia kupanga matawi. Kusaidia – nilisimama na bia nikiwaelekeza. Anayefanya kazi ni Lojza Štěrba, kamanda wa kikosi chetu cha kujitolea hapa Lhotka, rafiki yangu tangu tulipokuwa tukiiba cheri za padri. Lojza hajawahi kugombea kitu. Ana uso kama mlango wa ghala: mkubwa, na haujitangazi. Rundo lilikuwa limekwisha pangwa, bibi mchawi wa matambara yuko juu tayari, yeye akalifumua lote na kulianza upya. Kisa? Kalunguyeye huingia humo kulala. Nikamwambia kalunguyeye hawapigi kura. Akasema ndiyo maana anawapenda.

Tulipokaa akasema kesho asubuhi atapiga simu mkoani. Ndiyo sheria: kabla hujawasha rundo kubwa unawaarifu zimamoto wa mkoa ni wapi, saa ngapi, na nani anasimamia, ili mpita njia akiona moshi akapiga kelele, wao wajue hizo ni soseji wala si maafa. Maisha yangu yote nimewafokea watu kwa ajili ya simu hiyo. Niliwahi kumwandikia faini padri!

Nikamwambia Lojza, wacha, nitapiga mimi. Wale wote ni vijana wangu, niliwafundisha kufunga buti, wakisikia sauti yangu watafurahi. Akauliza kama nina hakika. Nikasema mimi ni mbunge bwana, sheria natunga mwenyewe.

Wakacheka wote. Nilicheka kuliko wote.

Jumatano, 30 Aprili

Asubuhi. Sare ya zamani haifungiki. Nimemwambia Drahuš kwamba tumbo hili ni la chama. Akasema basi chama kihamishe vifungo.

Kamila kapiga simu tena na tena. Nilete kofia yangu ya kazini, ile yenye masizi. Haina masizi, Drahuš aliisugua nilipostaafu. Basi nitie, kasema. Nimetia – kutoka kwenye mdomo wa jiko, kwa kidole. Kidogo na shavuni. Nimejitazama kwenye kioo nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Wanapiga honi nje. Naondoka.

Alhamisi, 1 Mei

Sikupiga ile simu. Niliandike hilo kwanza, kwa sababu kulisema kwa mdomo sijaweza, ila kwa mtu mmoja.

Sikukataa. Nilisahau tu! Masizi sikusahau.

Rundo liliwaka vizuri mno, upepo mdogo, bibi mchawi akashika moto kuanzia sketi. Watoto wanapiga kelele, soseji ziko vijitini, kijiji jirani cha Zástudí kizima kimekuja kwetu kwa sababu wao mwaka huu hawakuchoma. Mimi na kofia yangu mbele ya kamera, nikieleza namna moto unavyopumua. Halafu nikasikia ving'ora.

Nilijua palepale. Zimamoto hahitaji kuambiwa. Dereva wa lori kule barabara kuu ameona ndimi za moto, kapiga simu, mkoani wametazama, Lhotka hakuna aliyearifu moto – wametuma gari la mjini, wametuma na la kikosi cha Zástudí, lililo karibu. Walioliendesha waliacha soseji zao kwetu, wakakimbia kwao kulichukua, amri ni amri, wakarudi nalo kwetu! Magari mawili yanashuka uwanjani na taa za buluu.

Na watu wakapiga makofi. Walidhani ni onyesho. Walidhani nimeliandaa mimi! Kamila mwenyewe akaniinulia kidole gumba. Nami nikafanya nini? Nikavua kofia nikawapungia. Mikono yangu hii.

Lojza alikuwa upande wa pili wa moto, ameshika mpira wa maji. Alinitazama. Basi, hilo tu.

Vlasta, kamanda wa Zástudí, mwanamke asiyetaniwa, akashuka akauliza msimamizi ni nani hapa. Kabla mtu hajafungua mdomo redio ya gari lake ikaita. Ghala linaungua. Zástudí! Kwao, nyuma ya kanisa lao – na gari lao liko kwetu, pua kwenye soseji, nyuma yake lile la mjini, nyuma ya hilo magari ya wageni, vigari vya watoto, meza za bia. Vlasta anapiga kelele watu wasogee, na wengine bado wanapiga makofi.

Lilikuwa ghala la Ctibor Nedbálek. Hakuja kwetu kwa sababu sungura jike wake alikuwa anazaa. Sungura wake wa maonyesho, wana masikio marefu kuliko maisha ya serikali zetu. Alikuwa peke yake, hakuna jirani hata wa kumpigia yowe. Alifungua vizimba kimoja kimoja kwa mikono mitupu, na makomeo yalikuwa ya chuma. Ghala limekwisha. Sungura wengi wamekwisha. Mikono yake yote miwili imeungua. Na Ctibor ndiye mpiga tarumbeta – katika bonde hili hakuna maiti aliyezikwa bila yeye.

Kutoka banda la gari lao hadi ghala lile unaweza kurusha jiwe. Vlasta alilisema hilo baadaye, kwa sauti ndogo, hakumwambia mtu. Nilikuwa karibu, nikasikia.

Leo ni Mei Mosi. Lazima mwanamume ambusu mkewe chini ya mcheri uliochanua, la sivyo mke atakauka mwaka mzima. Sijawahi kukosa. Hata mwaka ule nilipokuwa na mguu kwenye plasta alinibeba kwa toroli. Nimetoka, nimemkuta Drahuš yuko chini ya mti na aproni yake. Nikainama. Akaweka kiganja kifuani pangu.

"Uliwapigia?"

Nikauliza akina nani.

Akaniita jina tu: "Olda."

Nikamwambia nilisahau. Akaniangalia kama anavyoangalia maziwa anapoyashuku. Kisha akaingia ndani.

Basi mwaka huu atakauka, na aliyemkausha ni mimi.

Ijumaa, 2 Mei

Mwandishi wa gazeti alipiga jana jioni. Kamila alikuwa mezani kwangu, akaniandikia sentensi kwenye kitambaa cha karatasi: "Usalama wa moto ule uko chini ya kamanda wa kikosi." Niseme hiyo tu, nisiongeze.

Nikaisema. Haina hata neno moja la uongo! Hapo ndipo ubaya ulipo. Uongo ungenikwama kooni, mimi nijuavyo kusema uongo ni wa kuchekesha tu. Hii iliteleza kama siagi.

Leo iko ukurasa wa mbele: kamanda wa kujitolea hakuarifu, ghala lateketea, mtu aungua. Jina la Lojza, lote, na umri wake. Pembeni picha yangu nikipunga kofia. Masizi yamependeza sana.

Kamila anasema mtandaoni wananisifu. Laiti makamanda wote wangekuwa kama mzee Vrzal, yaani mimi, kaandika mtu. Nikamwuliza Kamila kama anajua nani alitakiwa kupiga simu. Akasema hajauliza, na angependa kuendelea kutokuuliza. Binti huyu atafika mbali.

Nimekwenda dukani kununua mikate. Lojza alikuwa mbele yangu kwenye foleni. Foleni yenyewe ilikuwa imejipinda – wanawake wamesimama huku, yeye kule, katikati pengo la kupitisha ng'ombe. Muuzaji akamwekea mkate bila kumwambia habari za asubuhi. Yeye akasema asante. Akageuka, akaniona.

"Olda. Mgongo je?"

Mgongo! Nikasema afadhali. Akasema nijaribu mafuta ya mbuni, au ya bata, hakumbuki, mkewe anajua. Akatoka.

Nikanunua maandazi nisiyoyataka.

Kwa nini hasemi? Najua kwa nini. Kikosini kuna mwiko mmoja, hauko kwenye kitabu chochote: uliyeingia naye ndani ya moshi, humsemi nje. Kosa lake mnalimaliza ndani, mlango umefungwa, hata kwa ngumi. Nje mna uso mmoja. Tuliupokea pamoja tukiwa vijana, mimi na yeye, na tumeutunza. Lakini mwiko huo uliwekewa watu walioshikwa na hofu ndani ya giza na joto. Haukuwekewa mheshimiwa aliyekuwa anajipaka masizi.

Na "ndani" yetu ni lini? Yeye anangoja nimwambie ndani. Nami sina ndani tena, kila mahali ninapokwenda kuna mtu ana kamera.

Jumamosi, 3 Mei

Hospitali. Wazo la Kamila. Nilikataa kwenda na mpiga picha, nikajiona mwanamume – kumbe yeye ana simu, na simu inapiga picha.

Ctibor amelala, mikono imefungwa mpaka kwenye viwiko, minene kama mikate ya Krismasi. Alinifurahia. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo.

Akasema, "Mheshimiwa, tukipiga picha usinishike mkono, maana nitakutukana na wewe bado unataka kura."

Nimemlisha chungwa, kipande kwa kipande. Mbegu akaitemea kiganjani mwangu. Kasimulia sungura waliopona, mmoja mmoja kwa jina. Yule jike aliyekuwa anazaa hakupona. Nikamwuliza madaktari wanasemaje juu ya vidole. Akasema wanasema tutaona. Halafu akasema daktari anaposema tutaona ana maana keshaona.

Akageukia dirisha.

"Mwambie Lojza sina neno naye. Kusahau ni binadamu. Ila asije hapa. Sitaki kumwona."

Nikasema nitamwambia.

Nikasema nitamwambia! Mdomo huu, na chungwa lake mkononi mwangu. Nilikuwa na nafasi, chumba kina watu wawili, Kamila alikuwa ametoka kupokea simu yake moja kati ya mbili. Mlango umefungwa. Kama kuna "ndani" duniani, ilikuwa ile. Nikasema, nitamwambia, upone, na nikaenda kunawa mikono kwa sababu ilikuwa inanata.

Kwenye gari Kamila akanionyesha picha. Nimetoka vizuri. Uso wa mtu mwenye huruma. Sijui niliutoa wapi.

Drahuš bado haongei. Chakula anaweka, nyama na mchuzi wa krimu, knedliki za unga uliochemshwa, kila kitu sawasawa, tena na cheri nyekundu juu. Kisha anakwenda kula jikoni amesimama. Nimemtania kwamba bungeni nako hakuna anayeongea nami, nimezoea. Hakucheka. Miaka yote hiyo alikuwa hacheki makusudi, ukimwangalia unamwona anajizuia. Leo hakuwa na cha kuzuia.

Jumapili, 4 Mei

Sikukuu ya Mtakatifu Florian, mlinzi wetu sisi wa moto. Misa, kikosi kizima na sare, bendera mbele. Drahuš alinipigia pasi koti asubuhi. Aliponikabidhi ndipo alipoongea.

"Nimepiga pasi koti. Uso huo utajinyoosha mwenyewe."

Bendi ilipiga bila tarumbeta ya kwanza. Kila mtu alisikia pengo lilipo. Padri – si yule wa faini, huyu ni mgeni, kijana kutoka Poland – alihubiri juu ya maji yazimayo na maji yazamishayo, sikufuata vizuri. Nilikuwa nikitazama kisogo cha Lojza, safu ya mbele. Kapunguza nywele. Mtu anayekwenda kuvuliwa cheo kapunguza nywele apendeze.

Maana leo ndiyo siku yenyewe. Baada ya misa, mkutano kwenye jengo la kikosi: Lojza abaki kamanda au atoke? Mkoa unangoja jibu letu. Akitoka kwa kura ya wenzake, atakuwa ametoka daima. Lhotka haisahau. Mpaka leo kuna familia inaitwa "wale wa mpira wa maji uliopasuka", na aliyeupasua alikufa kabla sijazaliwa. Wajukuu wa Lojza watakuwa "wale wa simu".

Na mwenyekiti wa heshima wa kikosi ni nani? Mimi. Ninayeuliza nani anaunga mkono ni mimi.

Kamila kaniletea hotuba. Ina neno "uwajibikaji" karibu kila mstari. Nikamwambia mimi hotuba za kikosi nasema mwenyewe, akanipa hivyo hivyo, kaniwekea mfukoni kama mama anavyomwekea mtoto leso.

Sasa niandike haraka. Nipo chooni, jengo la kikosi. Nimekaa juu ya kifuniko. Daftari hili nililitia kwenye koti asubuhi, sijui kwa nini.

Mkutano umefunguliwa. Wote wapo, na Vlasta kaja kama mgeni, kasimama karibu na mlango amekunja mikono. Katibu akasoma hoja. Akauliza kama kamanda ana la kusema. Lojza akasema hana. Wakauliza nani aliagizwa kupiga simu. Akaulizwa mara ya pili. Lojza akasema yeye ni kamanda, basi inatosha. Hakusema alisahau, hakusema hakusahau. Hakuangalia upande wangu kabisa – alijitahidi asiangalie, mpaka nikaona shingo inavyokaza.

Wale waliokuwa nasi kwenye bia Jumanne wapo. Wote walinisikia. Walicheka! Sasa kila mmoja anatazama buti zake. Wao nao wanautunza mwiko. Wanamtunzia nani?

Katibu akasema, mwenyekiti wa heshima, tafadhali ipigishe kura.

Nikasimama. Nikafungua mdomo. Nikasema samahani ndugu zangu, dakika moja, kibofu cha mzee. Wakacheka kidogo, kwa adabu. Kicheko cha kunisaidia.

Nimeandika mara ngapi maishani kwamba niliingia ndani ya moto? Niliingia kweli. Nyumba ya ghorofa kule mjini, ngazi zimeshika, niliingia bila kufikiri, na Lojza nyuma yangu na mpira. Sikuogopa hata kidogo. Na mlango huu wa choo, wa mbao nyembamba, ukitoka ni hatua chache tu mpaka mezani, naogopa kuufungua.

Nikisema, vuli basi. Kamila atapaki simu zake. Gazeti lile lile, picha ile ile, maneno mengine. Nitarudi kuwa Olda fundi bomba – si kitu, hiyo naiweza. Kwa Ctibor siwezi. Nililisha chungwa mdomo ule. Nikisema leo, atajua kwamba jana nilijua.

Na nisiposema naye atabaki hajui, atanifurahia tena.

Mtu kagonga. Lojza. Nimeijua pumzi yake.

Anasema kupitia mlango, polepole, wengine wasisikie: "Olda, umekwama?"

Nikasema sijakwama.

"Wanangoja." Kisha, "Sikiliza. Mimi uchaguzi sina. Nitawaambia nilisahau, tuende kunywa bia. Sawa?"

Alingoja. Alingoja sana, mtu yule. Nilikuwa nimeshika kitasa kwa mkono mmoja na kalamu kwa mwingine.

Nasikia buti zake zinarudi ukumbini. Kiti kinakwaruza sakafu. Katibu kauliza kitu. Lojza anakohoa, hajazoea kusema mbele za watu. Anasema, ndugu zangu, Jumatano ile mimi ndiye

na mimi bado naandika